Unga wa Sista Melania

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu nyumbani kwa bibi ilikuwa kutwanga unga ambao haukuliwa na mtu yeyote. Ulikuwa unga wa mtama, mweupe, uliochekechwa mpaka ukawa laini kama vumbi la njiani wakati wa kiangazi. Bibi hakumruhusu mtu mwingine kuutwanga. Alisema unga ule unataka mikono safi, ya mtoto ambaye hajavunja ungo, na ambaye hajazoea kusema uongo. Mimi nilikuwa mjukuu wake mkubwa, binti wa binti yake, na kinu kile kilikuwa changu.

Kwetu ni Lupaso, na bibi yangu alikuwa Mmakua. Unga ule aliuita makeya. Mtu akitaka kusafiri, au mgonjwa akikawia kupona, au mvua ikichelewa na mbegu ziko ardhini, bibi alikwenda jioni kwenye mti wa msolo uliokuwa nyuma ya nyumba. Alipiga magoti, akataja majina ya wazee waliokwisha kulala, kisha akauachia unga upite polepole kati ya vidole vyake mpaka pale chini pakasimama kichuguu kidogo chenye ncha. Akakifunika kwa chungu. Asubuhi alikwenda kufunua. Kichuguu kikiwa kimesimama na ncha yake, wazee wamekubali. Kikiwa kimeporomoka, safari inaahirishwa, au mtu anaulizwa ana nini moyoni.

"Unga haudanganyi," alisema bibi.

Lakini kila aliposema hivyo aliongeza jambo jingine, nami nililisikia kama watoto wanavyosikia maneno ya wakubwa, yaani bila kulishika. Alisema, "Unga ni wa kuomba, Otilia. Si wa kushtaki. Ukiuweka kwa hasira ukimtafuta mwizi, utakupa mtu, lakini hatakuwa yule uliyemtafuta."

Mimi ni mwanamke wa kanisa. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nimefunga ndoa kanisani, na mwaka huu nimemzika mume wangu kwa misa. Siandiki haya ili mtu aache sala zake akapige magoti chini ya msolo. Naandika kwa sababu kwenye matanga ya mume wangu niliambiwa jambo, na tangu siku ile nikilala nalo naamka nalo.

Baba yangu alikuwa katekista. Yeye ndiye aliyetaka nisome kwa masista, Masasi mjini. Wakati huo shule zilikuwa bado mikononi mwa misheni. Shule yetu ilikuwa kongwe hata siku zile, na kuta zake nene ziliegemea mlima wa mawe. Ilikuwa ya wasichana peke yao, kuanzia darasa la tano hadi la nane, na wote tulilala bwenini. Watu wa Masasi walikuwa wakisema msichana aliyepita pale hata kikohozi chake kina adabu.

Kabla sijaondoka, bibi aliuweka unga kwa ajili ya safari yangu. Asubuhi ulikuwa umesimama vizuri sana. Bibi akachota kidogo kwenye ncha, akaufunga katika kipande cha kaniki, akaniwekea ndani ya sanduku chini ya nguo.

"Wazee wamekubali," alisema. "Ukipata shida huko, ushike tu. Usimwonyeshe mtu."

Aliyetupokea alikuwa Sista Melania, msimamizi wa bweni. Mama Mkuu alikuwa Mzungu, mrefu, mwenye sauti ndogo iliyotisha kuliko kelele. Sista Melania alikuwa mtu wa kwetu kusini, mweusi kama sisi, na alitembea upesi, funguo zikilia kiunoni. Alifungua masanduku yetu moja baada ya jingine. Alipofika kwangu akalitoa lile fundo la kaniki.

"Hiki nini?"

"Unga, Sista. Wa bibi."

"Wa kupikia uji?"

Sista alifungua, akaunusa, akanitazama kwa muda. Alijua. Mtu aliyezaliwa upande wetu hawezi kukosa kuujua. Alikwenda dirishani akaumwaga nje walikokuwa kuku wa jikoni, nao wakaja mbio.

"Otilia, hapa tuna Mungu mmoja tu. Yeye hahitaji unga." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa rozari ya mbao, akaiweka kwenye kiganja changu. "Shika hii badala yake."

Ninayo mpaka leo. Chembe zake zimekuwa nyembamba kwa kusugua.

Niseme ukweli, nilimpenda Sista Melania. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu katika miaka ile. Alinifundisha kutarizi vitambaa vya altare, kuvifua bila kuvikamua, na kuvianika kivulini. Aliniambia nina mikono safi, neno lile lile la bibi, nami nikaona kwamba kile nilichokiacha nyumbani nimekikuta huku kikiwa kimevaa nguo nyeupe.

Sheria zilikuwa nyingi. Tuliamka kwa kengele, tukala kwa kengele, tukanyamaza kwa kengele. Aliyesikika akisema Kimakonde, Kimakua au Kiyao alivishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Aliyecheka kanisani alipiga magoti kwenye kokoto. Na njaa ilikuwepo siku zote. Ugali wa muhogo, maharage yenye wadudu, na Ijumaa maharage yaleyale, ila tukiambiwa ni mfungo.

Rafiki yangu alikuwa Skolastika, tuliyemwita Skola. Alitoka Chilangala, juu kule Newala, na kitanda chake kilipakana na changu. Siku ya kwanza alipoona bomba alilifungua na kulifunga mpaka Sista akamvuta sikio. Kwao, kina mama walishuka bondeni alfajiri kutafuta maji na kurudi jua likiwa kichwani.

"Ninyi wa Lupaso mnayaoga," aliniambia, "sisi maji tunayasikia tu kwenye Injili."

Alikuwa na ulimi huo. Aliniletea korosho alizoficha ndani ya soksi, nikala nusu yake. Nilimwambia kila kitu, hata habari za msolo na kinu changu. Kwa hiyo alijua unga ni kitu gani kwangu.

Mwaka ule askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara. Tulikuwa tumeshona magauni meupe kwa mikono yetu. Langu nililitarizi njiwa mdogo kifuani. Baba alikwisha kutangaza Lupaso nzima kwamba binti wa katekista atapakwa mafuta na askofu mwenyewe.

Basi Jumamosi moja, masista wakiwa kwenye sala zao za mchana, mtu aliingia sakristia akafungua bati la hostia. Zilikuwa bado hazijawekwa wakfu, ni mkate tu wa ngano, mwembamba, uliookwa na masista wenyewe. Lakini bati lilikuwa limejaa kwa ajili ya ujio wa askofu, na jioni lilikutwa tupu. Hata chembe hazikubaki.

Mama Mkuu alitusimamisha bweni zima. Alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba mpaka aliyefanya jambo lile ajulikane, hakuna msichana wa bweni letu atakayepata Kipaimara. Tulipiga magoti kwenye kokoto mpaka wengine wakalia. Hakuna aliyesema. Mimi nilitazama kulia na kushoto nikitafuta uso wenye hatia, nikaona nyuso zote zimekuwa sawa. Mchana ule nilikuwa kisimani nikifua vitambaa vya altare. Sikujua lolote.

Siku zilipita, na siku ya askofu ikakaribia. Nadhani Sista Melania naye alibanwa, kwa sababu bweni lilikuwa lake. Jioni moja baada ya chakula alituita nyuma ya jiko, mahali penye sakafu ya udongo iliyoshindiliwa ambapo wapishi walianika muhogo. Kila mmoja aliambiwa aje na bakuli lake la bati, lile lenye namba yake. Tulipofika tukamkuta Sista ameshika ungo mdogo wenye unga mweupe.

Nilijua kabla hajasema neno.

"Mmenishinda kwa maneno," alisema. "Huu ni unga wa ngano, unga uleule wa hostia zilizoliwa. Ni ndugu yao. Utamjua aliyekula ndugu yake."

Akatugawia kila mmoja konzi. Akatuamuru tupige magoti, tuuachie upite kati ya vidole, tusimamishe kichuguu, tufunike kwa bakuli. Alitufundisha kama mtu aliyewahi kufanya. Mkono wake haukukosea. Wasichana wengine walikuwa wanatetemeka. Skola, aliyekuwa pembeni yangu, meno yake yalikuwa yanagongana, nami nikafikiri ni baridi.

Nilinyanyua kidole. "Sista, bibi anasema unga si wa..."

"Nyamaza, Otilia."

Nikanyamaza. Nikauachia unga. Mikono yangu ilikuwa imeuzoea, na kichuguu changu kilisimama kizuri kuliko vyote, na ncha kama ya sindano. Nilikifunika nikasali Salamu Maria, kwa rozari ile ile. Nilikuwa mtoto. Niliona wameungana mbele yangu, Mungu wa Sista na wazee wa bibi, na wote walijua sikula. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka.

Asubuhi tulipangwa mstari. Sista Melania akaanza kufunua bakuli moja baada ya jingine. Kichuguu cha kwanza kimesimama. Cha pili kimesimama. Vingine havikuwa na ncha nzuri, lakini vilisimama. Kisha akafunua bakuli langu.

Hapakuwa na kichuguu. Palikuwa na vumbi jeupe tu, limetawanyika, kama mtu aliyepuliza.

"Otilia," alisema Sista.

"Sikula, Sista."

"Otilia."

"Sikula."

Niligeuka kumtafuta Skola. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Sikulia mpaka nilipopelekwa ofisini kwa Mama Mkuu. Nilisimama mbele ya meza, Sista Melania amesimama nyuma yangu. Mama Mkuu akanitazama kwa upole ambao sikuutegemea, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchonga, "Umefanya vizuri kukiri kwa Sista. Mungu anapenda ukweli. Lakini mkosaji hawezi kubaki hapa. Utakwenda nyumbani."

Kukiri. Niligeuka kumtazama Sista Melania. Nilielewa mara moja, ingawa nilikuwa mtoto. Hakuweza kumwambia Mzungu kwamba amemtafuta mwizi kwa unga wa wazee. Ilimbidi aseme jambo lingine, akasema nimekiri. Alikuwa ameinamia rozari yake kiunoni, akiihesabu, au akijifanya kuihesabu.

"Sista," nikasema.

Hakuinua uso. Alisema tu, "Nenda ukakusanye nguo zako."

Gauni la njiwa lilibaki. Waliona halinifai tena.

Baba hakuja kunichukua. Katekista ambaye mtoto wake amekula hostia za askofu hana uso wa kuingia misheni. Aliyekuja ni bibi, kwa miguu, na khanga yake ya safari. Alimwamkia Sista Melania getini kwa kupiga goti, ingawa Sista angeweza kuwa binti yake, kisha akalichukua sanduku langu akajitwika.

Tulitembea mpaka mji ukabaki nyuma, na mawe ya Masasi yakaanza kuwa madogo. Ndipo aliposema.

"Ulikula?"

"Sikula, Bibi."

"Walijuaje ni wewe?"

"Kwa unga."

Bibi alisimama barabarani. "Unga? Masista?"

"Sista Melania. Aliuweka nyuma ya jiko. Wangu ndio ulioanguka."

Aliteremsha sanduku akalikalia. Akatazama mikorosho ya watu.

"Aliuweka kwa hasira?"

"Ndiyo."

"Nilisema," alisema bibi. "Nilisema mimi."

Nilingoja. Nilijua kuna neno la pili linakuja, neno la kuniambia kwamba ananiamini. Bibi akasimama, akajitwika sanduku, tukaendelea kutembea. Neno lile halikuja siku ile, wala siku nyingine.

Mvua zilipochelewa mwaka ule, bibi alitoa mtama wa kutwanga. Nikaenda kwenye kinu. Bibi akasema, "Acha, mwite Paskalina." Paskalina alikuwa mtoto wa mama mdogo, bado mdogo, mchi ulikuwa unamshinda. Nilikaa kizingitini nikamtazama akitwanga unga wangu. Bibi hakueleza sababu nami sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe. Bibi alisema siku zote unga haudanganyi. Kati ya unga na mjukuu wake, ameuchagua unga.

Sikurudi shule tena. Nimelima, nimeokota korosho, nimebangua mpaka vidole vikawa vyeusi. Kusoma kwangu ni kule kwa madarasa yale niliyofika, pamoja na Biblia na vitabu vya sala. Bibi alifariki nikiwa mwali. Kipaimara nilikipata ukubwani, kwa ajili ya kufunga ndoa, katika mstari wa watu wazima wenye haraka.

Niliolewa Kitangari, na mume wangu, Baba Kristofa, ndiye mtu pekee niliyemweleza habari hii yote. Nilimweleza mwaka wa kwanza wa ndoa, nikiogopa. Alikuwa ananoa panga la kusafishia mikorosho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe ungekula, usingemaliza mwaka hujanisimulia zilikuwaje mdomoni. Hukula." Akaendelea kunoa. Sikuwahi kusikia Injili fupi kama ile. Watu huniuliza kwa nini nalia bado, wakati marehemu alikuwa mzee na amekufa kwa amani na sakramenti zote. Nalia kwa sababu mtu aliyeniamini bila kuuliza mara mbili sasa amelala chini ya udongo wa Kitangari, na waliobaki juu ni wale wengine.

Maana walikuja. Katika matanga walikuja wengi tuliosoma nao, waliobaki hai, wazee sasa, wengine na fimbo. Nilifurahi. Nilimpokea Skola kwa kulia, tukakumbatiana. Alikwisha kuwa mwalimu mstaafu, mwenye miwani, na watu wote walimwamkia shikamoo mwalimu. Tuliwatandikia mikeka uani. Mchana, baada ya rozari, wakaanza kukumbushana shule, kama wazee wanavyofanya ili mfiwa apate kucheka kidogo. Nami nilicheka, nikizunguka na birika la chai.

"Mnamkumbuka Kandida na kibao chake?" alisema mmoja. "Kilikuwa hakishuki shingoni, kama kengele ya mbuzi wa padre!"

"Ningefanyaje?" alijibu Kandida, naye mzee wa Newala asiye na meno ya mbele. "Nilikuwa naota kwa Kimakonde, wananivisha nikiwa usingizini!"

Walicheka mpaka wakapanguza macho. Kisha Kandida, akiwa bado na kicheko, akasema, "Na zile hostia, jamani! Mnakumbuka utamu wake?"

"Utamu gani? Zilikuwa kama karatasi."

"Njaa haijui karatasi, mwenzangu. Nilizipakia mdomoni kama ngamia."

Ndipo walipokumbuka niko hapo. Mtu mmoja akakohoa, kile kikohozi chenye adabu.

Nilikuwa nimesimama na birika mbele ya Skola. "Nani alikula?" niliuliza.

Skola alivua miwani. "Mama Kristofa, yamepita hayo. Tulikula sote."

"Mimi sikula."

"Ndiyo. Wewe hukula. Ulikuwa kisimani na vitambaa vyako."

"Mbona hamkuniita?"

"Ungeungama," alisema, na mmoja wao akacheka kidogo, akaacha.

"Na unga?"

Kandida alijifunika khanga usoni. Skola akasema, "Hatukulala usiku ule. Tulitoka kabla ya kengele tukafunua. Vyetu vilikuwa vimeporomoka, vyote. Changu kilikuwa bapa kama chapati. Chako kilikuwa kimesimama, hata ncha haikukatika. Tuliogopa, Otilia, hujui tulivyoogopa. Tukajaribu kuvisimamisha, ule unga uliokwisha anguka unakataa, unateleza. Tukauchota wako, tukavijengea juu. Kila mmoja kidogo."

"Aliyeanza kuuchota ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulijua unga ni nini kwangu."

"Nilijua. Lakini kimoja ilibidi kianguke, Sista asingeamini visimame vyote. Tukasema wewe anakupenda, atakusamehe. Sisi angetuua."

Nilikuwa nimeanza kummiminia bila kutazama, na chai ilikuwa inafurika kikombe chake. Niliinua birika.

"Na nilipofukuzwa?" niliuliza. "Mlifanyaje?"

Skola alitazama vidole vya miguu yake, miguu ya kizee sasa, lakini namna ya kutazama ilikuwa ileile.

"Tulipata Kipaimara," alisema.

Hakuna aliyenipigia magoti kuniomba radhi, na sidhani walikuja kwa nia hiyo. Kwao jambo lile lilikuwa hadithi ya shule, mojawapo tu. Kwao wote lilikuwa linajulikana miaka yote hii. Walilijua walipokuwa wakivaa magauni yao meupe. Walilijua walipokutana njiani na mimi nimebeba kikapu cha korosho na wao wamebeba vitabu. Skola alikuwa mgeni wa heshima katika ubatizo wa mwanangu Kristofa, naye alilijua akiwa amemshika mtoto mikononi. Nilimjazia kila mgeni kikombe chake, nikamaliza mkeka mzima, kisha nikaingia ndani kwenye kitanda cha marehemu nikakaa.

Nimemweleza padre. Ameniambia nisamehe, naye anasema kweli. Kila asubuhi nasali Baba Yetu, na nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti yangu inapungua. Siachi kusema, ila nasema kidogo. Najua Mungu anasikia hata kidogo.

Lakini lililonikalia moyoni zaidi halikuwa Skola, wala Sista Melania, ambaye Mungu amekwisha kumwita na kumhukumu mwenyewe. Ni bibi. Miaka yote hii nilikuwa nimewekwa kati ya mambo mawili: ama unga ulisema uongo na bibi alikuwa mpumbavu, ama nilikula na sikumbuki. Kuna nyakati, hasa nikiwa mgonjwa, nilijaribu kukumbuka ladha ile, nikijishuku mimi mwenyewe. Na sasa naambiwa kwamba kabla ya kengele, kabla watu hawajautia mikono, unga ulikuwa umewaangusha wote waliokula na kunisimamisha mimi peke yangu. Labda ni umande. Labda ni mikono yangu iliyozoea, na yao iliyokuwa inatetemeka. Mimi ni mwanamke wa kanisa, nakubali ni umande. Lakini bibi hakupata kusikia.

Na nimefikiri tena habari ya kinu. Nilipofukuzwa nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo, kulekule shuleni. Bibi alilijua, maana ndiye aliyefua nguo zangu niliporudi. Huenda ndiyo sababu alimwita Paskalina. Huenda hakunihukumu hata siku moja, na neno lile la pili aliona halihitajiki kusemwa, kama Baba Kristofa alivyoona halihitaji kurudiwa. Sitajua. Nilinyamaza, naye alinyamaza, na shule ile ilikuwa imetufundisha wote kunyamaza.

Baada ya misa ya arobaini nilimwomba Kristofa anipeleke Lupaso. Kabla ya kuondoka nilitwanga mtama mwenyewe. Mkwe wangu alikuja mbio, "Mama, mashine ipo hapa jirani!" Nikamwambia aniache. Mikono yangu imezeeka, si ile bibi aliyoitaka, lakini haijazoea uongo.

Kaburi la bibi liko chini ya mkorosho, msolo ulikwisha katwa zamani. Nilipiga magoti, rozari ya Sista Melania mkono mmoja, unga mkono mwingine. Nilisali kwanza. Kisha nikasema, kwa Kimakua, bila kibao shingoni, "Bibi, unga wako haukudanganya. Na mimi sikudanganya."

Nikauachia upite kati ya vidole mpaka ukasimama. Kristofa aliuliza kama alete kitu cha kuufunika, kwa sababu alikuwa amewahi kunisikia nikisimulia. Nikasema hapana. Tulilala Lupaso usiku ule kwa ndugu, na asubuhi tulirudi Kitangari kwa njia nyingine. Sikwenda kuutazama.